Rula Isiyo na Sifuri

Mama yangu ni fundi cherehani, na futi yake ya kupimia haina mwanzo. Panya waliitafuna ncha kabla mimi sijaanza shule. Mama akaikata kwa mkasi pale ilipochakaa, ikabaki inaanzia inchi ya pili. Mtu mwingine angenunua nyingine, maana futi si kitu cha kumshinda mwenye cherehani mbili. Yeye hakununua. Alisema hizi za siku hizi zinavutika ukizivaa shingoni kutwa, na ile yake ameshaizoea. Basi nikakulia hapo, kwetu Mabawa, Tanga, na futi iliyokatika na mama asiyebadilishwa neno.

Na wala haikumharibia kazi. Mteja akija mwenyewe, mama alimpima mwilini kwa futi ile, kisha akapima kitambaa kwa futi ile ile, kosa la huku likafutana na la kule, nguo ikakaa vizuri. Shida ilikuwa kwa wateja wa mbali waliotuma vipimo kwa simu: jamaa zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya, na wanawake wa Pangani na Muheza waliowahi kushonewa wakapenda. Hao walijipima kwa futi nzima, kwa hiyo namba zao ilibidi ziongezwe mbili kabla mkasi haujagusa kitambaa. Mimi nilikuwa karani wake tangu darasa la tatu. Nilikaa mkekani na daftari la vipimo, na kila namba niliyomsomea aliniuliza bila kuinua kichwa: "Cha simu au cha hapa?" Cha simu kiliongezwa mbili. Cha hapa kiliachwa kama kilivyo.

Alikuwa na sharti jingine. Kuna wanawake wakipimwa kiuno huvuta tumbo ndani mpaka pumzi inawakatika, halafu wananikonyeza mimi mtoto niandike pungufu. Mama aliniambia niandike nilichokiona. Kama mtu ana haya na kiuno chake, alisema, atakuwa na haya zaidi zipu ikimfumuka katikati ya harusi. Wateja wengine walinuna. Walinuna, lakini walirudi.

Nimeanza na haya makusudi, ili nikifika kwenye fizikia msomaji ajue kwamba sina pa kujitetea.

Nilipochaguliwa kusoma sayansi ya kompyuta hapa hapa Tanga, nilijua nakwenda kusoma kompyuta. Nilikuwa nimeanza kuandika programu nikiwa kidato cha tano, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na nilijiona fundi. Ratiba ilipobandikwa ukutani nikakuta somo la utangulizi wa fizikia, la lazima, mara tatu kwa wiki pamoja na maabara. Nilikasirika hapo hapo. Mimi na mawe yanayoanguka, wapi na wapi? Nilimuuliza kila aliyekuwa tayari kunisikiliza ni programu gani duniani inayohitaji kujua gari limefunga breki umbali gani. Wenzangu walicheka, wakaenda darasani. Mimi nikabaki na hasira yangu kwenye kivuli cha kantini.

Hasira ile ndiyo iliyonifelisha, wala sisingizii ugumu wa somo. Nusu ya vipindi sikuvikanyaga. Mtihani ulipokuja nikaanguka. Nikapewa mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi tunauita sapu, nikausomea wiki moja, tena kwa kinyongo, nikaanguka mara ya pili. Mwaka uliofuata nikaambiwa nilirudie somo zima pamoja na wale wadogo walioingia nyuma yangu. Na kwa atakayeshindwa hapo, chuo kina neno lake: disko. Halina muziki wowote. Ni barua ya kukuondoa chuoni, unachukua begi lako unarudi kwenu, na kompyuta unaisikia kwa wenzio.

Nyumbani sikusema kitu. Mama alikuwa amewaambia wateja wake wote kwamba binti yake anasomea kompyuta. Mwanamke akisimama apimwe mabega, anapimwa na kusimuliwa habari zangu. Jioni akiniuliza masomo vipi, namjibu vizuri mama, na yeye anasema alhamdulillahi, mguu unarudi kwenye pedali. Nilijiambia kwamba nikifaulu mwaka huu hatakuwa na haja ya kujua. Ulikuwa uongo mzuri, umekaa vizuri, haukubani popote.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mtu wa milimani, Msambaa wa Lushoto, mzee wa kanisa la Kilutheri, aliyevaa sweta jepesi hata kwenye joto letu la Februari. Wanafunzi walisema ni mkali. Hakuwa mkali, alikuwa wa taratibu. Alifuta ubao mpaka pembe zote nne ndipo aandike neno la kwanza, na ukimwambia jibu, anataka kujua ulilitoa wapi. Mimi wa haraka haraka, mtu wa namna hiyo alinichosha. Nilimwona kama foleni ya benki.

Siku ya zoezi la pendulamu alitutaka kila mtu afanye peke yake. Kwenye kila meza palikuwa na nati ya lori imefungwa uzi, chuma cha kuuning'iniza, na rula ya mbao ya mita moja. Kazi yenyewe mtoto anaweza kuifanya. Unapima urefu wa uzi, unaiachia nati iyumbe mara ishirini, unaangalia muda kwenye simu. Kisha unafupisha au kurefusha uzi na kurudia, mpaka upate safu tano. Kutokana na urefu na muda unatafuta namba moja ambayo kila aliyewahi kukaa darasa la fizikia anaijua hata ukimwamsha usingizini: tisa nukta nane, kiasi ambacho dunia inakivuta kitu kinachoanguka.

Rula zilikuwa kuukuu. Namba ziliandikwa kila baada ya sentimita kumi tu, na vijistari vya katikati vilikuwa vimefifia kwa mikono ya watu. Niliikamata yangu, nikaupima uzi toka ncha ya mbao, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini. Nikahesabu mayumbo kwa uangalifu. Siwezi kusema kwamba nilizembea, siku ile nilikuwa na hofu ya disko na nilikuwa makini kuliko siku zangu zote. Nikaandika kwenye karatasi moja ya daftari, kwa penseli, safu tano za urefu na muda. Kisha nikapiga hesabu ya kila safu.

Ya kwanza ikatoka kumi na moja nukta tano. Ya pili kumi nukta tisa. Zilizofuata zikawa zinashuka kidogo kidogo, lakini hata ya mwisho ilikuwa kumi nukta tatu. Hakuna hata moja iliyoshuka mpaka tisa. Nilirudia hesabu kwenye simu, jawabu ni lile lile. Nilitazama wenzangu, wote wameinamia meza zao, wametulia, nikajua ni mimi tu niliyeharibu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila aliyesoma sayansi kwetu atalielewa. Sekondari tulijifunza kupika kabla hatujajifunza kupima. Kupika data, ndivyo tunavyoita. Maabara ilikuwa na saa moja tu ya kupimia muda kwa darasa la watu themanini, na mwalimu wetu wa huko, mtu mwema kabisa, alitufundisha tuanze na jibu halafu turudi nyuma kutafuta vipimo vinavyolipa jibu hilo. Alituambia ukipata kumi na moja utakuwa umepima sayari nyingine, na wasahihishaji hawajafika huko. Tulicheka, tukapika, tukafaulu. Hakuna aliyeona ni wizi. Tuliona ni akili.

Mimi nilikuwa na zaidi ya akili, nilikuwa na kompyuta. Nilitoka maabara nikakaa kwenye ngazi, nikaandika programu ya mistari kumi na miwili. Inachukua tisa nukta nane, inarudi nyuma mpaka kwenye muda wa kila urefu, kisha inachafua kila namba kidogo, huku inapunguza, kule inaongeza, ili ionekane ni mkono wa binadamu uliotetemeka. Niliipenda ile programu. Nilichora grafu, urefu chini na muda uliozidishwa kwa wenyewe juu, nukta zikajipanga, na mstari ukatoka kwenye kona ya sifuri ukapanda umenyooka. Jawabu likawa tisa nukta saba tisa. Niliendesha baiskeli mpaka Usagara, nikachapisha ripoti kwenye duka la vifaa vya ofisi, nikarudi kuikabidhi nikipiga mluzi.

Karatasi ya penseli, yenye vile vipimo vya aibu, niliitupa kwenye boksi la mama. Mama hatupi karatasi. Kila karatasi yangu iliyoandikwa upande mmoja huiweka chini ya meza ya kukatia, na kwenye upande mtupu huandika vipimo vya mteja, kisha huibandika kwa pini kwenye kitambaa ili asichanganye.

Wiki iliyofuata mwalimu aliniita ofisini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha kiti. Grafu yangu ilikuwa mezani mbele yake. Akanisifu kwamba nimechora kwa usafi. Kisha akasema mstari wangu umepita kwenye sifuri. Nikasema ndiyo mwalimu, na kusema kweli nilisema kwa fahari kidogo.

Akainuka, akachukua rula moja nyuma ya mlango, akailaza mezani. Aliniambia niweke kidole kwenye namba kumi, halafu nihesabu vijistari kurudi nyuma mpaka mbao inapoishia. Ilibidi niinamishe uso nivione. Nikahesabu saba.

"Rula niliyokupa haina sifuri," alisema. "Nimezikata mwenyewe, zote, sentimita tatu. Sasa huu mstari wako umefikaje pale?"

Nilisikia masikio yanawaka. Nikaigeuza rula, nikaitazama ncha iliyopitiwa na msumeno. Mwalimu akaketi. Alieleza taratibu, kama kawaida yake, kwamba alitaka kuona nani anapima na nani anapika. Waliopika walikuwa wengi, wote watapata sifuri, lakini wenzangu wana alama za mazoezi yaliyopita za kuwabeba. Mimi, alisema, amenitazama kwenye orodha. Alama zangu za darasani zilikuwa tisa. Asiyefikisha kumi na sita haruhusiwi kuingia mtihani wa mwisho, na zoezi hili la alama kumi ndilo lilikuwa limebaki. Sikuhitaji anifanyie hiyo hesabu. Bila alama saba hapa, hakuna mtihani, na bila mtihani ni disko.

Nikamwomba nirudie kupima. Akakataa, wala si kwa ubaya. Alisema nikipima leo nitakuwa najua anachokitafuta, na mkono utakwenda kukitafuta. Kisha akaniuliza kama siku ile nilipima kweli au nilikaa tu. Nikamwambia nilipima. Akaniuliza karatasi yenyewe iko wapi. Nikasema nyumbani, nikiomba Mungu iwe hivyo.

"Iletwe kesho kabla ya saa nne," alisema. "Saa nne napeleka alama."

Nilipanda baiskeli nikamtukana mwalimu moyoni njia nzima. Mtu mzima na msumeno, anakata rula za serikali ili awakamate watoto wa watu. Nilimwita kila jina. Nilikuwa nakaribia kwetu, nimebakiza kona moja, ndipo ikanijia ile futi. Nilifunga breki. Nikasimama pembeni ya barabara, mguu mmoja chini, watu wananipita. Miaka kumi na zaidi nimeshika kipimo kilichokatika mwanzo, nimeongeza mbili mara ngapi sijui, na nilipowekewa kipimo cha namna hiyo hiyo mezani sikukitambua. Hasira zote ziliniisha. Ilibaki hofu tupu.

Zilikuwa zimebaki siku chache Idd ifike. Nyumbani vitambaa vilijaa mpaka kwenye makochi, na mama alikuwa kwenye cherehani toka alfajiri. Nikatafuta kwenye boksi chini ya meza, karatasi haimo. Nikaanza kupekua vitambaa, kimoja kimoja, nikigeuza kila karatasi iliyobandikwa. Mama akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema karatasi tu. Nikaikuta kwenye dera la kijani, la binamu yake wa ng'ambo ya Horohoro, lililokuwa limekatwa tayari na lililotakiwa kupanda basi asubuhi inayofuata. Upande mmoja mwandiko wa mama, bega, kifua, urefu, kila namba na mbili yake pembeni. Upande wa pili safu zangu tano za penseli.

Nilipogusa pini, mama akanishika mkono. Alisema hiyo ina vipimo vya watu, nataka kuifanyia nini. Nikasema ya shule. Akasema ya shule ndiyo nini.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo wa kutosha, huo wa shule ungenivusha siku moja zaidi. Lakini nilikuwa nimechoka, jamani, kuchoka kwa mwaka mzima kulinishukia mara moja. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama na dera la mtu mikononi. Kwamba nilifeli mwaka wa kwanza. Kwamba nilifeli sapu. Kwamba narudia na walioingia nyuma yangu, nimepika vipimo nimekamatwa, na karatasi hii isipofika kesho kabla ya saa nne nafukuzwa.

Mguu wake ulikuwa umesimama kwenye pedali. Aliuliza jambo moja tu: nimefeli mara mbili? Nikasema mara mbili mama. Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga, akairudisha. Nilitamani anigombeze. Mama yangu akigomba nyumba nzima inajua, na baada ya hapo chai inaandaliwa na mambo yanakwisha. Hakugomba.

"Futi yangu imekatika, lakini najua imekatika wapi," alisema. "Wewe ulinikalia kimya mwaka mzima. Mimi ningejuaje pa kuongeza?"

Nililia. Sijui niseme nini kingine, nililia kwa aibu, aibu ya kweli, ile ambayo mtu hajui aweke wapi mikono yake. Mama hakunikumbatia, wala si desturi yake. Alikata kipande cha gazeti, akachukua kalamu, akaniambia nimsomee vipimo vya dera kimoja kimoja aviandike upya. Nikamsomea huku nikipenga kamasi. Alipomaliza akaichomoa pini, akanipa karatasi yangu ikiwa na matundu mawili na vumbi la chaki ya fundi. Akasema niipeleke. Akasema pia kwamba wakinifukuza, anataka asikie kutoka kwangu, asije akasikia kwa mteja.

Alasiri ile nilikaa kwenye kona ya meza ya kukatia nikafanya kitu ambacho siku ya zoezi sikukifanya. Nilichora grafu ya vipimo vyangu vya kweli. Siku ile niliona majibu mabaya nikakimbia, sikuchora hata nukta moja. Nikaweka nukta ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, nikaazima rula ya mama ya mbao nikaziunganisha. Zilinyooka. Mstari ukashuka vizuri, lakini ulipokaribia kona ulikataa kwenda sifuri. Ulikata mhimili wa urefu pembeni kidogo. Nikahesabu miraba kwa ncha ya penseli, kila mmoja sentimita moja. Tatu.

Kipande cha rula kilichokatwa kwa msumeno kilikuwa kimeandikwa pale, kwenye namba zangu mwenyewe, na mimi nilikuwa nimezitupa kwenye boksi chini ya meza. Nikatafuta mteremko wa mstari, kwa sababu mteremko haujali rula inaanzia wapi, kama vile mama asivyojali akipima mwili na kitambaa kwa futi moja. Jawabu likatoka tisa nukta saba. Mkono wangu ulikuwa umepima sawasawa. Mimi ndiye niliyeukana. Niliona uchungu kuliko wa kufeli, maana safari hii nilikuwa nimepata na sikungoja kujua.

Asubuhi saa tatu nilikuwa mlangoni kwa mwalimu. Akapokea karatasi ya penseli na grafu niliyoichora jana yake, akavipima kwa macho, akavifuata kwa kidole safu kwa safu. Kisha akageuza karatasi. Akasoma mwandiko wa mama, bega, kifua, urefu. Akaniuliza hizi mbili za pembeni ni za nini. Sikuwa na jinsi, nikamweleza habari ya futi, na panya, na wateja wa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umetulia.

"Mwe," alisema kwa sauti ndogo, mshangao wa kwao milimani. "Na mama huyu ulikuwa naye nyumbani."

Alichukua kalamu nyekundu akaandika kumi, akaifuta, akaandika nane. Mbili ni za kupika, alisema, na nisizidai. Sikuzidai. Nilimwambia ahsante mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze somo lake nilimaanisha nilichosema.

Mtihani wa mwisho nilikuja kuufanya, nikafaulu kwa alama za kawaida tu, za kati kati, hakuna aliyenipigia vigelegele. Leo naandika programu zinazopokea namba kutoka kwenye mita za maji, na mita mpya ikiletwa mezani, kitu cha kwanza ninachouliza ni sifuri yake iko wapi. Wenzangu ofisini wanaona ni ushamba. Waone hivyo hivyo. Nimeshakuta mita mbili zilizokuwa zinaanza kuhesabu kabla maji hayajafika, na zote mbili zilikuwa mpya kabisa, kwenye makaratasi yao.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mchana wa siku ile, nilipotoka kwa mwalimu. Niliingia nyumbani nikamkuta mama amemaliza kazi ya asubuhi, dera la kijani limekwisha kwenda zake na basi, na daftari la vipimo liko magotini. Daftari lile lina ukurasa wangu. Upo tangu sare yangu ya kwanza ya shule, na kila mwaka aliongeza mstari mmoja, bega, kiuno, urefu, mpaka nilipoacha kurefuka na akaendelea kuandika kiuno peke yake. Alikuwa ameufungua ukurasa huo. Sijui kama alinisubiri au alikuwa anautazama tu.

Akaniuliza imekuwaje. Nilikuwa nimejiandaa kusema vizuri mama, neno lilikuwa mdomoni limeshazoea njia. Nikalimeza. Nikamwambia alama zangu zimekuwa kumi na saba kati ya arobaini, kwamba zinatosha kuingia mtihani na hazitoshi kitu kingine, na kwamba naweza bado kufeli.

Akaitikia kwa kichwa. Akashika penseli, akaandika fizikia chini ya kiuno changu cha mwaka huo, kisha kumi na saba. Halafu penseli ikabaki juu ya karatasi, haijaondoka, na yeye hakuinua kichwa.

"Cha simu au cha hapa?"

Nikakaa mkekani, pale pale nilipokuwa nikikaa nikiwa darasa la tatu.

"Cha hapa, mama," nikasema. "Usiongeze kitu."